Pembe, Nukta na Mche: Asili ya Maneno Yetu ya Jiometri

Mara nyingi tumesikia ikidaiwa, hata na watu waliosoma sana, kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi na maongezi lakini hakina maneno ya kufundishia hisabati. Dai hili lina umri mrefu, na wanaolitoa hupenda kutolea mfano majina ya maumbo. Wakionyeshwa neno la Kiswahili linalofaa, husema ama limekopwa kwa Waarabu, ama ni neno la sokoni lililovishwa joho la chuo. Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno ya mwanzo ya jiometri, yale anayokutana nayo mtoto katika shule ya msingi, tuone yalitoka wapi na yalifikaje ubaoni. Tukishayajua hayo, dai lenyewe litaonekana lilivyo.

Yafaa tuanze mbali kidogo na kwetu. Kitabu kikuu cha jiometri ya kale kiliandikwa na Euclid katika mji wa Alexandria, huko Misri, mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo. Kiliandikwa kwa Kiyunani, na maneno mengi ya Kiyunani yangali yakitumika katika lugha za Ulaya kana kwamba yalizaliwa pamoja na elimu yenyewe. Lakini tukiyafungua tunakuta ndani yake vyombo vya nyumbani na zana za kazi. Lile tunaloliita trapeza lilikuwa kwa Wayunani jina la kijimeza. Koni lilikuwa tunda la msonobari. Silinda lilikuwa gogo la kuviringisha. Rombasi ilikuwa kitu cha kuzungushwa kwa kamba. Katikati ya duara waliita kwa jina la mchokoo, yaani ile ncha kali ya kuswagia ng'ombe. Na yeyote aliyekwisha kuona ncha ya bikari ikichoma karatasi kabla mduara haujachorwa, ataelewa mara moja kwa nini. Maneno hayo, basi, yalikuwa ya sokoni na ya mashambani kabla hayajawa ya wanazuoni.

Waarabu nao walikitafsiri kitabu hicho mjini Baghdad. Al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar alikitafsiri mara mbili, kwanza katika zama za Khalifa Harun al-Rashid (786–809), na tena katika zama za al-Maamun (813–833). Katika elimu yao Waarabu hawakulazimika kuandika kila neno la Kiyunani kwa herufi zao. Umbo la koni, kwa mfano, waliliita makhrut, maana yake kitu kilichokerezwa, kama fundi akerezavyo mguu wa kitanda. Duara walilipa jina kutokana na kitendo cha kuzunguka. Elimu nzima waliiita handasa, neno ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ya kwanza ni kipimo. Sisi tumelipokea neno hilo kwa mlango mwingine: mhandisi wetu, ajengaye madaraja na barabara, jina lake latoka humo humo, ingawa somo lenyewe la maumbo tumeliita jiometri kwa kufuata Wazungu. Hivi ndivyo maneno yasafirivyo. Mtoto huhamia nchi moja na mamaye akabaki nyingine.

Tuingie sasa katika lugha yetu, na tuanze na pembe. Neno hili ni la Kibantu halisi. Wanyarwanda husema ihembe, Waganda ejjembe, na wote hukusudia pembe ya mnyama. Kutoka katika kichwa cha ng'ombe na mdomo wa ndovu, neno hili kwa Waswahili likahamia kwenye nyumba: pale kuta mbili zinapokutana na kutokeza nje, hapo ndipo pembeni. Likaenea zaidi, watu wakasema pembe nne za dunia, na mtu asiyetaka kuonekana akakaa pembeni. Mwalimu wa hisabati alipolihitaji neno, alilikuta limekwisha kufanya kazi hiyo kwa muda mrefu.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Waarabu, ambao elimu yao ilifika pwani yetu karne nyingi zilizopita, pembe ya jiometri huiita zawiya. Neno hilo lilijulikana pwani, kwani ndilo jina la mahali wanapokutana watu wa tarika kwa ajili ya dhikiri. Hata hivyo darasani pembe haikuondolewa mahali pake. Na maneno haya mawili hayatazami kitu kimoja kwa upande mmoja. Zawiya ni kona ya ndani, mahali pa kujitenga. Anayeitaja yumo chumbani. Pembe ni kitu kinachochomoza. Anayeitaja yuko nje. Tofauti hii si ya kupuuzwa na mwalimu. Mwanafunzi akiambiwa aonyeshe pembe ya umbo, ni rahisi mno kidole chake kiende kwenye ncha, kwa kuwa ndivyo lugha yake imfundishavyo, ilhali katika jiometri pembe ni kiasi cha kuachana kwa mistari miwili inayokutana hapo. Hilo si kosa la neno. Ni kazi ya mwalimu kulichukua neno kutoka nje ya nyumba na kuliingiza ndani, na chombo anacho: kipimo cha nyuzi. Akisema pembe ya nyuzi 30 na pembe ya nyuzi 60, mtoto huona kwamba ncha zote mbili ni ncha tu, na kinachotofautiana ni ule mwachano. Ndipo pembe kali, pembe butu na pembe mraba hupata maana. Kali na butu ni sifa za kisu, na kila mtoto anazijua kabla hajajua kusoma.

(Mpira wa miguu, twaona, haukuridhika na pembe, ulichukua kona ya Kiingereza, nayo barabara zikaifuata. Hesabu ilikuwa na uvumilivu zaidi.)

Kutokana na pembe, lugha imeweza kuunda kwa kuambatanisha namba: pembetatu, pembenne, pembetano, pembesita, pembenane. Hakuna aliyehitaji kufundishwa ufundi huu, maana ndio mwenendo wa kawaida wa Kiswahili. Lakini tazama pembesita. Pembe ni la Kibantu na sita ni la Kiarabu, na yamekaa pamoja bila ugomvi, kama wakaavyo watu wa pwani wenyewe. Wala tusidhani kwamba maumbo haya yalikuwa mageni kwa macho ya wazee wetu hata wakati yalipokuwa hayajaandikwa kitabuni. Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Ndani ya jumba hilo lipo birika la kuogelea lenye pembe nane. Fundi hawezi kuchimba na kujenga birika la namna hiyo kwa kubahatisha. Yampasa ajue kugawa mzunguko mafungu manane yaliyo sawa, aiweke kila pembe mahali pake, na azijenge pande zote ziwe na urefu mmoja. Karibu na hapo uko Msikiti Mkuu wa Kilwa, wenye matao na kuba. Na tao ndilo neno tulitumialo leo kwa kipande cha mzingo wa duara. Neno hilo lilikuwa la waashi kabla ya kuwa la wanafunzi.

Fungu la pili la maneno lilitoka katika vyuo vya Kurani. Nukta, mstari, mraba, mstatili na duara yote ni ya asili ya Kiarabu, na wako wanaoyatumia kama ushahidi kwamba Kiswahili hakina chake. Sisi hatukubaliani nao. Neno huwa la watu kwa kutumiwa nao, na nukta imetumiwa hapa vizazi kwa vizazi. Mtoto wa pwani aliyekaa mbele ya ubao wake aliijua nukta kwa haja kubwa: herufi ya be ina nukta moja chini, te ina mbili juu, the ina tatu juu. Nukta ikikosewa, herufi hubadilika na neno huharibika. Ni wapi mtu angejifunza vizuri zaidi kwamba nukta ni kitu kidogo kisicho na upana wa kutajika, lakini mahali pake ndipo penye uzito wote? Mstari nao ulikuwa mstari wa maandishi. Maneno haya yalifika kwetu pamoja na kalamu, wala hayakungoja shule za serikali.

Mraba una habari ya peke yake. Shina lake ni lile lile la nne katika Kiarabu, ambalo limetupatia pia robo na arobaini. Mtu aweza kuuliza: ikiwa tuna pembenne, mraba wa nini? Jibu ni kwamba lugha iliyopata maneno mawili haikulitupa moja, bali iliyagawia kazi. Pembenne ni jina la kila umbo la pande nne, hata likiwa limepinda na kwenda upande. Mraba ni lile tu ambalo pande zake zote ni sawa na pembe zake zote ni za nyuzi 90. Mstatili, ambao jina lake lina maana ya kilichorefushwa, ni ule uliobaki na pembe hizo za nyuzi 90 lakini umevutwa upande mmoja. Kwa hiyo kila mraba ni pembenne, na si kila pembenne ni mraba. Na mwanafunzi anaupata ukweli huo katika maneno yenyewe. Vivyo hivyo mviringo wa Kibantu na duara la Kiarabu: mviringo umebaki kuwa sifa ya kitu chochote cha kuzunguka, na duara limekuwa umbo lililochorwa kwa bikari. Duara likibanwa likawa kama yai, huitwa duaradufu, na hapa tunakiri kwamba aliyelibuni neno hili alikuwa na mzaha moyoni, kwa sababu dufu ni kitu kisicho na ladha wala thamani. Maskini umbo lenyewe! Sayari zote hulizunguka jua katika njia ya umbo hilo.

Mraba umeingia hata katika maongezi ya kila siku. Mtu aliyejengeka mwili husemwa kuwa ni mtu wa miraba minne. Neno likifika hapo halina haja tena ya kuulizwa pasipoti.

Maneno mengine hayakutoka ng'ambo wala kitabuni, yalitoka katika mwili wa binadamu. Pwani walipima kwa wanda, shibiri, mkono na pima: shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, mikono minne ni pima. Fundi alikuwa amebeba rula yake kila aendako. Hata vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu vimekuwa vyembamba kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Jiometri ya darasani imeendeleza mwendo huo bila kutangaza. Pembetatu ina kitako, yaani pale inapokalia, na ina kimo kama mtu. Duara lina kitovu. Mstari upitao katika kitovu kutoka ukingo hadi ukingo ni kipenyo, kwa kuwa unapenya. Nusu yake ni nusu kipenyo. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo hahitaji kamusi. Anahitaji kuelewa kwa nini ni nusu, na hilo ndilo jambo la hesabu.

Hata hivyo maneno haya yasingekuwa na nidhamu yaliyo nayo leo kama yasingefanyiwa kazi. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyosimamia usanifishaji juu ya msingi wa Kiunguja. Lakini chini ya utawala wa Waingereza Kiswahili kilitumika katika madarasa ya chini tu, na Kiingereza kikapewa yaliyobaki, kwa hiyo haja ya istilahi za juu ilikuwa ndogo. Mambo yalibadilika baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule za msingi za serikali nchini Tanzania, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge. Ghafla palihitajika vitabu vya hesabu vya miaka yote ya shule ya msingi, na walimu maelfu waliosomeshwa kwa Kiingereza wakalazimika kusema kwa Kiswahili mambo ambayo hawakupata kuyasema hivyo.

Kanuni iliyofuatwa katika kuunda istilahi yajulikana: kwanza litafutwe neno ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na ndipo katika lugha za mbali zaidi. Kwa njia hiyo taifa lilipata ikulu kutoka kwa Wanyamwezi, na kitivo kutoka milima ya Upare na Usambara. Katika jiometri ya mwanzo hatua ya kwanza ilitosha kwa sehemu kubwa. Tazama majina ya maumbo yenye ujazo. Umbo refu ambalo ncha zake mbili zinafanana na unene wake haubadiliki, liliitwa mche. Nani asiyejua mche wa sabuni? Kitu kile kile kinachouzwa dukani, kinachokatwa vipande kwa uzi na kila kipande kikawa na sura ile ile, ndicho kielelezo bora cha umbo hilo katika jiometri. Kutoka hapo yakapatikana mche mraba, mche mstatili, mche pembetatu na mche duara. Neno moja likizaa wanne, na kila mmoja anasema wazi ubavu wake wa mwisho ukoje! Kiingereza, kwa upande wake, kina majina matatu yasiyofanana kwa maumbo hayo manne, na mtoto hana budi kuyakariri moja moja. Tufe nalo ni la namna hiyo, na lile la kutupwa katika mashindano ya riadha ni ndugu yake. Na kwa koni wengine hupendelea pia, kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa kwa kamba na kusimama juu ya ncha yake.

Juu ya koni na pia watu hawajaafikiana. Ziko kamusi zitajazo yote mawili. Kwa maoni yetu pia lina haki zaidi, kwa sababu mtoto aliyewahi kuichezesha anajua kwa mikono yake kwamba umbo hilo lina ncha, lina kitako cha duara, na lina mhimili ambao linazunguka juu yake. Lakini hatusemi kwamba kila neno la kukopa ni baya. Trapeza halina madhara yoyote. Ni neno jepesi, lina irabu mahali pake, na lile meza la Kiyunani lililomo ndani yake ni siri ndogo ambayo mwalimu mchangamfu aweza kuifichua siku moja. Sambamba, na msambamba uliotokana nalo, ni jema kupita yote. Kabla ya kuwa istilahi, lilisemwa juu ya vitu viwili vinavyokwenda pamoja ubavu kwa ubavu bila kugongana wala kuachana, na maana hiyo haikuhitaji kusahihishwa hata kidogo.

Kwa hiyo kazi ya kuyapata maneno ilifanywa, na ilifanywa vizuri. Lililosalia ni swali la mahali yanapoishia. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza katika taarifa yake ya mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2015 iliufungua mlango tena kwa maandishi, lakini sekondari imeendelea kutumia Kiingereza. Matokeo yake yanaonekana wazi katika somo hili kuliko katika masomo mengi. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali ameshajua kwamba pembe mraba ni nyuzi 90, na neno mraba limemwonyesha ni pembe ya umbo gani. Akifika kidato cha kwanza anaambiwa neno la Kiingereza ambalo sehemu yake ya kwanza, kwa kadiri ajuavyo yeye, ni upande wa kulia. Asipopata mwalimu wa kumfafanulia, ataitafuta pembe hiyo upande wa kulia wa umbo, na akiikuta upande wa kushoto atashangaa. Mche duara na mche mraba, ambao jana walikuwa ndugu wa tumbo moja, leo wana majina yasiyojuana. Kipenyo hakipenyi tena popote. Maarifa aliyokuja nayo hayakupotea kichwani mwake, ila amenyang'anywa mkono wa kuyashikia.

Walimu wengi wa sekondari wanalijua hilo, na wengi hulitatua kimya kimya: huandika ubaoni kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili. Hatuoni sababu ya kuwalaumu. Ila hayo ni maelezo ya mdomo tu, hayamo katika kitabu wala katika mtihani, na kila mwalimu hujibunia yake. Mmoja atasema nusu kipenyo, mwingine atasema nusu tu, wa tatu ataacha neno la Kiingereza lilivyo. Nidhamu iliyojengwa kwa miaka mingi katika shule za msingi inalegea katika mwaka ule ule ambao hoja za jiometri zinaanza kuwa ngumu, yaani mwanafunzi anapotakiwa asitaje umbo tu bali athibitishe jambo juu yake.

Wakati huo huo, nje ya dirisha la darasa, mafundi wanaweka msingi wa nyumba. Wanapiga mambo tatu ardhini na kuzifunga kamba. Wanapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, kisha wanasogeza kamba mpaka umbali kati ya alama hizo mbili uwe futi 5 kamili. Ikifika hapo wanasema pembe imekaa skwea, na wanaanza kuchimba. Skwea ni la Kiingereza, pembe ni la Kibantu, futi limetoka Ulaya, kamba ni yetu. Na kanuni wanayoitumia ni ile ambayo vitabu huiita kwa jina la Pythagoras. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayepita hapo akirudi nyumbani ana daftari lenye kanuni hiyo kwa Kiingereza. Yeye na fundi wanazungumza juu ya pembetatu moja.